Mgeni Aliyeijua Nyumba Kuliko Mwenyewe

Melvina Snook alikuwa na pua ya kunusa matapeli, na pua hiyo hakuzaliwa nayo. Aliipata kwa machozi.

Zamani alikuwa mtu wa kuamini. Mtu akimwandikia mtandaoni kwamba anataka kupanga ile nyumba ya zamani ya wakwe zake, pale ufukweni Careen Harbour, Melvina alijibu karibu, akaoka mkate, akauacha mezani ukiwa bado na joto. Hadi wakaja wale wa kiangazi cha mwaka jana. Walisema wana mtoto mgonjwa, wanampeleka hospitali ya mjini, wanaomba usiku mmoja tu wa kupumzika. Melvina akawapa na supu juu yake. Asubuhi hakuna mtu, hakuna mtoto, hakuna saa ya ukutani, hakuna birika la shaba, na kodiani ya marehemu mumewe Ambrose, ile aliyoipiga kila Krismasi mpaka ugonjwa ukamfunga vidole, nayo imekwenda. Mlango waliuacha wazi, mvua ya upepo ikaingia jikoni hadi mbao za sakafu zikavimba. Haya, kuiba umeiba. Na mlango nao una ugomvi nao gani?

Mwanawe Clyde, anayefanya kazi kwenye machimbo ya mafuta huko Alberta, magharibi mwa Kanada, alipiga simu siku hiyo hiyo. "Mama, wakikuibia mara nyingine, tunaiuza hiyo nyumba na unakuja kukaa na sisi. Niahidi." Melvina akaahidi. Aliahidi kwa sababu alikuwa analia, lakini ahadi ya mtu anayelia ni ahadi vilevile. Tangu hapo kila mgeni aliyebisha hodi mtandaoni alikuwa ama riziki, ama ndiye atakayemng'oa kisiwani kwake Newfoundland akamtupe kwenye nchi isiyo na bahari.

Basi akajiwekea dalili zake. Mgeni wa kweli huuliza nyangumi. Huuliza milima ya barafu inapita saa ngapi, utadhani ni basi. Huuliza mtandao una kasi gani, kisha hulalamika bei, na akishalalamika bei Melvina humpenda kama ndugu. Tapeli halalamiki bei. Tapeli hana picha, amejiunga na tovuti juzi, anataka mzungumze pembeni, ana haraka, na hakosi mgonjwa. Mgonjwa ndiye muhuri wa tapeli.

Mwishoni mwa Septemba, Melvina akiwa kwenye kibanda chake kipya, mlimani kidogo juu ya ile nyumba ya zamani, simu ikalia ting, na ujumbe huu ukaingia: "Habari. Naitwa Odessa Crandall, niko Ontario. Naomba nyumba yako kwa usiku mmoja mwanzoni mwa Oktoba. Bei yoyote ni sawa. Sijazoea tovuti hizi, naomba namba yako tuongee, yangu ni hii hapa chini. Nitalipa taslimu mkononi."

Melvina aliusoma, akavua miwani, akaifuta kwa aproni, akausoma tena. "Loo!" akasema. "Wifi, njoo uone miujiza. Huyu kazikusanya zote."

Wifi yake Rowena, dada mkubwa wa Ambrose, alikuwa ameshaingia kwa mlango wa nyuma bila kubisha, kama watu wote wa pale, na ameshajimiminia chai. Akainama kwenye simu. "Oktoba?"

"Ndiyo nashangaa! Nyangumi wameondoka, barafu imeyeyuka, matunda yamechumwa. Oktoba hapa pana ukungu na mimi."

"Basi kaja kukuposa."

"Ah, toka hapa!"

"Mkatae, Mel. Ukiibiwa tena Clyde atakubeba, na mimi nitakunywa chai na nani? Na shakwe?"

Melvina hakumkataa papo hapo. Alikuwa na hasira za mwaka mzima, hajapata wa kumtolea, na hapa mtu kajileta mwenyewe. Akaandika: "Nyumba ziko nyingi hapa. Kwa nini hii?" Akabonyeza, akakunja mikono kifuani, akangoja uongo ufike.

Jibu lilikuja kabla chai haijapoa. "Kwa sababu ya ngazi. Nimeiona kwenye picha zako nikaijua. Kile kidato cha tano bado kinalia ukikikanyaga? Na lile kabati la chini ya ngazi, bado halifungi mpaka ulisukume kwa goti?"

Melvina alizipitia picha zake tena, moja moja. Kabati lile halikuwa kwenye picha hata moja. Aliliona baya, alikuwa akilificha kwa kapu la kuni. Na habari ya goti alikuwa akiijua yeye, na Rowena, na Ambrose, na wakwe zake walioko makaburini. Siri ya mtungi aijuaye kata. Sasa huyu kata wa Ontario katokea wapi?

"Kaingia!" akasema. "Rowena, huyu mtu kaingia nyumbani kwangu!" Akanyakua chuma cha kuchochea moto, akateremka kile kijia mbio na viatu vya ndani. Kufuli zilikuwa mahali pake. Madirisha mazima. Ndani kila kitu kimekaa kama alivyokiacha. Aliporudi anahema, alimkuta Rowena bado amekaa vilevile, anazungusha kikombe mezani.

"Mkatae," Rowena akasema tena, na safari hii hapakuwa na mzaha.

"Nitamkataa kwa mdomo wangu, anisikie." Akapiga namba.

Aliyepokea alikuwa mwanamke wa makamo yaliyokwisha, sauti imekauka kidogo, na alicheka kwa woga kama mtu aliyebisha mlango asioujua. "Asante kwa kupiga, dada, sikutegemea..."

"Umeingia lini nyumbani kwangu?"

"Zamani sana. Nilikuwa mtoto. Tuli—"

"Mtoto wa nani? Nyumba hii kaijenga baba mkwe wangu kwa mikono yake, ubao kwa ubao, bahari nzima hii inajua. Haya, wewe unayeijua sana. Ukisimama jikoni, dirishani unaona nini?"

"Bahari," mwanamke akasema mara moja, na sauti yake ikalainika. "Naona jua likitoka majini, dada. Linaingia moja kwa moja mpaka kwenye kile kitanda cha kujipumzisha, kando ya jiko la moto. Ndiyo maana nataka ndugu yangu alale pale, asubuhi jua limpige uso."

Melvina alifunga macho kwa raha. Kamnasa! Dirisha la jikoni la nyumba ile linatazama mlimani, magharibi, mawe matupu na kondoo wa jirani. Halijaona jua likichomoza tangu liwe dirisha. "Na chumba kidogo cha juu?" akauliza kwa utamu. "Kiko upande gani?"

"Kusini. Kilikuwa na joto, tulikuwa tunagombania kulala huko."

"Kiko kaskazini, mama! Maji yanaganda ndani ya glasi humo!"

Yule mwanamke akasema, kama anayeongea na nafsi yake, "Hapana. Hapana, haiwezekani." Halafu, "Nisikilize, tafadhali. Ndugu yangu ni mgonjwa. Ni mapafu. Daktari hakuweza kutuahidi Krismasi."

"Ehee!" Melvina akasema. "Mgonjwa! Nilikuwa namngojea kwa hamu, nikasema mbona anachelewa. Bibie, katafute mjinga mwingine. Aliyekuwa hapa alikwisha mwaka jana." Akakata. Akaingia kwenye tovuti, akamfungia mlango huko nako, asiweze kuandika tena. Akajiona mrefu. Alimgeukia Rowena apewe hongera, lakini Rowena alikuwa ameshaondoka, mlango wa nyuma unapigapiga na kikombe kimeachwa na chai nusu. Kuacha chai nusu! Rowena! Melvina alishangaa, kisha akasahau.

Wiki ile ile aliteremka kwenda kuifunga nyumba kwa ajili ya majira ya baridi. Alikunja mashuka, akamwaga maji ya mabomba, akachukua kitambaa na siki akaanza kufuta vioo. Alipofika kwenye dirisha la jikoni alifuta, akatazama mlima, mlima ukamtazama. Akakumbuka mama mkwe wake, Mungu amrehemu, jinsi alivyokuwa akilinung'unikia dirisha hilo miaka yote. "Mwanamke gani," alikuwa akisema, "apike na mgongo kaupa bahari?"

Mkono wa Melvina ukasimama kiooni.

Maana ni kweli. Katika ghuba ile yote, dirisha la jikoni hutazama maji. Hapana nyumba inayofanya vingine. Mke anasimama kwenye sufuria na jicho lake liko nje, anahesabu mashua za wanaume zikirudi, na mashua ikichelewa yeye ndiye wa kwanza kujua. Mwanamume angeweza kusahau kuweka mlango, asingesahau dirisha hilo. Sasa mzee Snook, aliyevua samaki tangu ana meno ya utoto, alijengaje nyumba ambayo mkewe hamwoni akirudi hai?

Alikaa chini kwenye kile kitanda kando ya jiko. Kidato cha tano kinalia, kweli. Kabati la goti, kweli. Chumba kidogo watoto wakigombania, hilo hakulijua, lakini kitanda ni hiki hapa, na jiko ni hili hapa, na mwanamke yule hakuona picha yoyote ya jikoni yenye kitanda, kwa kuwa wakati wa picha kilikuwa kimetolewa kukaushwa. Kila kilichokuwa ndani ya kuta alikipata. Kilichompotea ni jua tu. Tapeli gani anaibia nyumba maelezo yake yote mpaka goti la kabati, halafu anakosea mashariki?

Akachukua sahani kutoka mezani, akaiweka magotini. Huku jikoni, huku mlango wa mbele. Akaigeuza sahani nusu duara, taratibu, kwa vidole viwili. Dirisha la jikoni likaja baharini. Chumba kidogo kikaja kusini.

"Yesu wangu," Melvina akasema.

Nyumba ile ilikaa juu ya magogo na mawe, na nyuma yake palikuwa na kijimlango cha kuingilia chini, ambako tangu aolewe alikuwa hajaona haja ya kuingia. Hapo pana buibui na paka wasio na mwenyewe. Siku hiyo alijifunga kitambaa kichwani, akachukua tochi, akaingia kwa tumbo.

Kwanza aliona boriti kubwa mbili zilizobeba nyumba nzima. Upande wa chini zilikuwa zimekwaruzwa vibaya sana, kama kitu kilichoburutwa juu ya mawe ya ufukweni. Kisha akaona mifereji. Kamba nene zilikuwa zimekaza pale, zikajikatia njia ndani ya mbao ngumu. Melvina aliingiza vidole vinne na vikapotea. Akasogea. Kipande cha pipa, ubao wake uliopinda na mkanda wake wa chuma, kilikuwa bado kimepigiliwa kwenye boriti, kimesahauliwa hapo na mtu aliyekuwa na haraka. Na katikati ya mbao za sakafu, kwenye kila ufa, mwani wa baharini, mweusi, mkavu. Aliuchomoa kidogo ukasagika mkononi. Akaupeleka ulimini. Ulikuwa bado na chumvi.

Alijilaza chali kwenye udongo, tochi kifuani. Habari za nyumba za namna hiyo alikuwa amezisikia, nani hajazisikia? Serikali ilipowaambia watu wa visiwani wahame, wapo waliofunga mapipa chini ya nyumba zao, wakangoja maji yajae, wakazivuta baharini kwa mashua. Lakini yeye alizisikia kama mtu anavyosikia habari za nchi ya mbali. Sasa ilikuwa juu ya uso wake. Jiko la chuma, vitanda, ngazi na kidato chake, chumba alichomzalia Clyde, kitanda alichomfumbia macho Ambrose, vyote hivyo vilikuwa vimepita juu ya maji marefu yasiyo na huruma, havikuzama. Yeye alikuwa akivifuta vumbi! Miaka yote hiyo alikuwa akigombana na vumbi tu. Alihisi hofu ya mtu aliyeingia kanisani kuomba kwa mazoea, akakuta kweli kuna Anayesikiliza. Akalala pale chini, machozi yakimwingia masikioni, wala hakujua analia nini.

Alipotoka hakujipangusa. Alikwenda na udongo wake na buibui wake moja kwa moja hadi kwa Rowena, akaingia kwa mlango wa nyuma, akaufungua mkono. Kwenye kiganja palikuwa na mwani.

Rowena aliutazama. Hakuuliza ni nini.

"Baba alitukataza," akasema.

"Baba yako yuko kaburini, wifi. Mimi ndiye niliye hai. Na mume wangu—" Akapiga mguu chini. "Ambrose! Ambrose alijua?"

"Hakujua. Alikuwa hajazaliwa. Alikufa anaamini baba kaijenga, na mimi nilimwacha aamini." Rowena alivuta kiti, akakikalia kwa uzito. "Nilikuwa na miaka saba. Palikuwa na ukungu, na bahari imelala, hata jani halitikisiki. Tukaona moshi. Moshi peke yake, Mel, unatembea juu ya ukungu. Tukasema ni meli gani hii isiyo na mlio. Halafu likatokea paa. Halafu madirisha ya juu, na mapazia yake. Nyumba nzima! Inakuja. Maji yamefika kwenye kizingiti, mashua zinaivuta, na yenyewe imesimama wima, haiinami, haina wasiwasi na mtu. Mama yangu alipiga magoti kwenye mawe. Mbwa wenyewe walinyamaza."

"Na moshi?"

"Walikuja na jiko linawaka."

"Jiko linawaka baharini! Kwa nini? Ndani kulikuwa na mtu?"

Rowena akageuza uso. "Hilo usiniulize leo." Akapangusa meza kwa kiganja. "Ilikuwa ya watu wa Kisiwa cha Haskett, akina Barnable. Walipofika hapa hawakupata kazi, hawakupata hata salamu. Watu wetu waliwaita wa kuokotwa. Barnable akakata tamaa, akaamua kwenda bara, akauza nyumba kwa bei ya kutupa, na baba akanunua akijua ni ya kutupa. Ilikuwa imekwama pale ilipokwama, mgongo kwa maji, hawakuwa na nguvu ya kuigeuza. Mwanzo baba alisema 'nimeinunua.' Baadaye 'nimeitengeneza.' Mwisho 'nimeijenga.' Aliona haya, Mel. Haya ikikaa sana ndani ya mtu inageuka kiburi. Na waliojua, wengine walikufa, wengine walihama, na waliobaki wanaujua mdomo wa baba."

"Kwa hiyo siku ile ulijua ni nani."

"Aliposema goti nilijua. Nikaogopa. Niliona wanakuja kumfukua baba."

Melvina angeweza kumpiga. Nasema kweli, mkono uliinuka. Lakini alikumbuka sauti yake mwenyewe kwenye simu, ile ya utamu, "Ehee, mgonjwa," na mkono ukashuka. Alikuwa amejisifia pua. Pua yake!

Odessa Crandall hakupokea mara ya kwanza wala ya pili. Ya tatu alipokea, akasema, kwa adabu kubwa, "Kama ni kunitukana tena, mama, naomba iwe kesho, leo tumetoka hospitali."

"Nimeingia chini ya nyumba," Melvina akasema. "Nimeona kamba zilipokata. Iligeuzwa, dada. Jua lenu liko upande wa pili, wewe hukukosea. Nisamehe."

Upande wa pili wa simu alisikia mtu anavuta pumzi, kisha anaiachia kidogo kidogo. Odessa alimweleza. Yeye alikuwa na miaka tisa, alivushwa kwenye mashua. Mama yao alikuwa na mimba iliyokuwa bado na wiki kadhaa, lakini uchungu ulimshika asubuhi ile ile, mapipa yameshafungwa, maji yameshajaa. Wanaume walitaka kungoja. Mkunga akasema akishushwa mtamuua. Na mama yao akasema, vuteni, mimi siinuki. "Ndugu yangu Alonzo alizaliwa humo, kwenye kile kitanda cha jikoni, njiani. Walipofika walimbeba mama kwa shangazi, na nyumba ikauzwa, hatukulala humo tena. Anataka kulala humo mara moja. Ndilo ombi lake lote. Mimi nikakuambia vibaya, nikaanza na bei."

Melvina alikaa chini sakafuni, simu sikioni. Kitanda kile! Mara ngapi amewaambia wageni wasikae na nguo zenye maji.

Clyde alipoambiwa kwamba mama yake anampokea mtu asiye na picha, wa taslimu, mwenye mgonjwa, alipaza sauti kutoka Alberta. "Mama! Mgonjwa tena? Umesahau? Ukiibiwa tunauza, uliahidi!"

"Niliahidi," Melvina akasema. "Wakiiba nitakuja, nitakaa kwenu, nitakulelea watoto. Lakini hawa mlango nawafungulia mwenyewe."

Walikuja siku ya mawingu, gari la kukodi likijikongoja kwenye mawe. Odessa alikuwa mfupi, mnene, na koti la bei nafuu. Alonzo Barnable alikuwa mrefu, amebaki mifupa na macho, na nyuma yake anaburuta mtungi mdogo wa hewa wenye magurudumu, mirija puani. Melvina alikuwa amewasha jiko tangu alfajiri. Samaki wa chumvi alikuwa ameshaiva na viazi, na maandazi ya unga wa mkate yalikuwa yanalia kwenye mafuta ya nguruwe. Alikuwa na hotuba. Alipomwona yule mtu amesimama kizingitini, kashika mwimo wa mlango kwa mikono miwili kama anayeshika mabega ya mtu, hotuba yote ikamtoka.

"Karibu," ndilo lililobaki.

Odessa alikwenda dirishani, akatazama mlima na kondoo, akacheka mpaka akajifunika mdomo. "Wametukalisha kinyume! Mama angewachapa." Alonzo hakucheka. Alikaa kwenye kile kitanda, polepole, akaweka viganja juu ya blanketi, kushoto na kulia, akatulia tu. Moto ulikuwa ukilia jikoni. Mtu aliyeanza kuishi katikati ya maji, wala si huku wala si kule, alikuwa amekaa pale pale alipoanzia, na Melvina alisahau maandazi mpaka yakaungua. Hakuna aliyejali.

Mlango wa nyuma ukafunguka bila hodi. Rowena. Melvina hakumwalika, na akaona jinsi alivyovaa, gauni la kanisani na shanga. Rowena alisimama, akaangalia watu, akakosa la kusema, na mtu wa bandari ile akikosa la kusema hulisema lile la siku zote. "Haya, mdogo wangu," akamwambia Alonzo. "Wewe ni wa wapi?"

Odessa alikunja uso. Lakini Alonzo alitabasamu, akapumua kwanza ili apate hewa ya kujibia.

"Hilo ndilo lililonileta, dada. Watu wa kisiwani husema nilizaliwa huku. Watu wa huku walisema mimi wa kule. Shuleni Ontario niliambiwa niweke kidole kwenye ramani, nikakiweka majini, darasa zima likacheka. Nina miaka hamsini na saba, sijapata mtu wa kuniambia."

Rowena alivua kitambaa chake cha kichwani. Akavuka sakafu ya jikoni, akapiga magoti mbele ya kitanda, gauni la kanisani juu ya mbao, akaishika mikono ya yule mgonjwa.

"Wewe ni wa nyumba hii," akasema. "Baba yangu hakuijenga. Alidanganya, na mimi nilimsaidia kudanganya, na leo nasema mbele yako. Nilikuwa pale ufukweni. Nyumba ilikuwa bado majini, haijagusa jiwe hata moja. Nilikusikia ukilia."

Alonzo alimtazama. "Ulinisikia?"

"Bandari yote ilikusikia. Wanaume walikuwa wanavuta kamba. Waliacha kuvuta, wakavua kofia."

Yule mtu mrefu alijilaza taratibu, uso akauelekeza ukutani, na mabega yake yakaanza kutikisika. Dada yake akakaa miguuni pake. Rowena hakumwachia mkono. Melvina alitoa yale maandazi yaliyoungua kwenye moto, akafungua mlango wa nyuma akayatupia shakwe, kisha akatia unga mwingine kwenye bakuli, kwa maana watu hawa walikuwa hawajala.